Uzi Mwekundu, Siku ya Sifuri

Mei 12

Daftari jipya. La zamani, lile la gamba la kijani, lilipotea jikoni kwangu mwezi wa pili, kwenye kabati la vikombe, siku ileile mdogo wangu na mumewe walipokuja kula. Nikajidanganya kwamba nimelisahau mahali. Leo nimejua lilikokwenda.

Tuliitwa ukumbini wote wa kituo cha utafiti, wa maabara na wa shambani. Mkurugenzi akakohoa, akamtangaza Mkuu mpya wa Utafiti wa Mahindi: Shemeji. Mume wa mdogo wangu wa tumbo moja. Kisha Shemeji akasimama na suti yake ya kijivu, akatueleza "ugunduzi" wake. Kwamba mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa ndevu, punje hufa zingali changa. Kwamba haziuawi na kiu peke yake, zinauawa na njaa, kwa sababu kimeng'enya cha kupasua sukari, kile kinachokaa kwenye kitako cha punje, hunyamaza. Kwamba ukilitundikia bua dripu ya maji ya sukari katika siku zinazofaa, kimeng'enya hubaki kazini na punje zinapona.

Misimu mitatu! Misimu mitatu nimepiga magoti kwenye matope nikiyachoma mabua sindano kama nesi, magoti yakavimba, watu wakanicheka. Maneno yale ni yangu, hata lile la "kunyamaza" ni langu. Na yeye mwenyewe nilimfundisha mimi kushika bomba la kupimia, siku alizokuja hapa hajui hata kuvaa glavu.

Nilipiga makofi kama wengine. Mkono mmoja ulikuwa unapiga, mwingine ulikuwa unajizuia. Atakiona cha mtema kuni.

Mei 13

Nimekwenda kwa Mkurugenzi.

"Ushahidi uko wapi?"

"Kwenye daftari."

"Daftari liko wapi?"

"Analo yeye."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, hayo ni mambo ya kifamilia. Kayamalizeni nyumbani."

Mkuu wa zamani alinipa ruhusa ya majaribio yangu kwa mdomo tu, na sasa kastaafu, simu yake haipatikani. Aliyeyaona kwa macho ni Mzee Mpira peke yake, anayemwagilia vitalu, naye nani atamsikiliza? Nimetoka pale nimeambiwa nimwandalie Mkuu vifaa vyake.

Mei 15

Nimeosha tyubu sitini. Zake.

Mei 20

Mzee Mpira ameniuliza kwa nini sili. Nikamwambia nimeshiba hasira.

"Haya, Bi Tyubu, niambie basi hiki kitu kilichoibwa ni kitu gani. Mimi nimekishikia ndoo miaka mitatu, sijui hata sura yake."

Tukakaa kwenye mabomba. Nikamwambia: jani linapika sukari, lakini linaisafirisha ikiwa mbili zimeshikana, kama mapacha wasioachana mikono. Zinashuka kwenye bua mpaka mlangoni kwa punje. Pale mlangoni ndipo alipo huyu kimeng'enya. Kazi yake ni moja, kuwaachanisha. Wakishaachana, punje inawapokea, inawala, inawageuza unga, na kwa sababu inakula, sukari nyingine inazidi kuvutwa ije. Mahali popote mmea unapokua utamkuta huyo: ncha ya mzizi, jani changa, ua. Asipokuwapo, hapakui kitu.

"Na kiu ikija?"

"Jani linapunguza kupika. Sukari inakuja kidogo, kisha haiji. Naye akikaa siku kadhaa hana cha kupasua, anaacha kazi. Akishaacha, hata ulete gunia zima la sukari, itabaki nje. Punje inakufa njaa na chakula kiko mlangoni."

Mzee akatikisa kichwa. "Kumbe hata mahindi yana bawabu."

Nimecheka. Mara ya kwanza tangu tarehe kumi na mbili.

Mei 27

Tangazo ukutani: Agosti 9 ni siku ya wageni. Wakulima, wakufunzi, wakubwa wa wizarani. Watamenya mahindi wenyewe, papo hapo. Ni wazo la Shemeji, anapenda sana kuonekana. Yakitoka yamejaa, atathibitishwa kwenye ukuu, na njia ya dripu itaingia kwenye kitabu cha mafunzo kwa jina lake. Kikishachapwa, basi. Wajukuu wa watu watasoma kwamba aligundua yeye, na mimi nitabaki mama wa kuosha tyubu.

Kwa hiyo nina mpaka Agosti 9.

Juni 2

Siwezi kuandika kwa kucheka. Ngoja nitulie.

Ratiba ya jaribio imebandikwa. Imechapwa na mdogo wangu, maana yeye ndiye karani wa ofisi. Inasema: "Siku ya 0, Juni 8, maji yanafungwa. Sukari itolewe siku ya 0 hadi siku ya 5."

Nikaisoma mara tatu. Siku ya sifuri, maji yanafungwa! Jamani!

Mimi sihesabu kutoka siku ya kufunga maji. Siku hiyo udongo bado una unyevu, mmea haujui hata kama una shida. Mimi huhesabu kutoka siku hindi linapotoa ndevu zake za kwanza. Asubuhi nikiziona, nalifunga hindi hilo uzi mwekundu shinani: hiyo ndiyo sifuri yake, kila hindi na sifuri yake. Likianza kupewa sukari, uzi wa njano. Na punje zikishajifunga kabisa, hazipokei tena kitu, uzi mweusi, yaani achana nalo, usipoteze sukari. Yote hayo yako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kijani, pamoja na jina langu, kwa herufi kubwa. Kurasa nyingine zina maelezo na namba za siku, lakini hazisemi sifuri ni ipi. Ameiba daftari zima, akashindwa kusoma ukurasa wa kwanza!

Atamwaga sukari kwenye mabua yaliyoshiba, na siku njaa inapopiga hodi, dripu zake zitakuwa zimeshang'olewa.

Mtu mwema angemwambia. Mimi nimekwenda kunywa chai.

Juni 4

Mdogo wangu alikuja maabara na chupa ya chai na vikombe viwili. Sijamwambia aketi. Aliweka vikombe mezani, akakipanga kimoja, akakipangua.

"Dada, ratiba umeiona?"

"Nimeiona."

"Umeiona vizuri?"

"Nina macho mawili, kama wewe. Mumeo hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie. Mwambie namtakia mavuno mema."

Akaondoka, chai akaiacha. Nimeimwaga kwenye sinki. Amekuja kunipeleleza, kuona kama nimeshtuka. Mtoto niliyemlea mimi baada ya mama kufa, niliyembeba mgongoni nikienda kuteka maji!

Juni 8

Maji yamefungwa. Jua kali, hakuna wingu.

Juni 9

Dripu za Shemeji zinaning'inia vitalu vyote, kama wodi. Anapita katikati na kofia mpya.

Juni 11

Wazo langu limekamilika, naliandika ili nisije nikaogopa kesho.

Kuzunguka kila shamba la jaribio kuna mistari ya kingo. Inapandwa ili kuyakinga mahindi ya ndani, na haipimwi. Hakuna anayeitazama, panya ndio wanaoifahamu. Mstari ule wa upande wa ua wa waya una mahindi arobaini, mbegu ileile, siku ileile, bomba lilelile lililofungwa. Dripu zangu za msimu uliopita bado ninazo. Nimemwambia Mzee Mpira.

"Mimi sijaona kitu," akasema. Kisha akauliza, "Ndoo ngapi?"

Juni 13

Shemeji ameng'oa dripu zake na kunipa nizioshe. "Siku tano zimekwisha, Dada," akasema. "Kazi imekamilika."

"Hongera, Shemeji."

"Hujui kufurahi wewe. Tukifanikiwa tumefanikiwa sote."

Sote! Hana haya huyu mtu. Nimeziosha, nikazipeleka kwenye ua wa waya.

Juni 16

Ndevu! Alfajiri nimeziona, nyeupe-kijani, laini, kwenye mahindi tisa ya kingo. Majani yamejikunja kwa kiu kama sigara. Nimefunga nyuzi nyekundu tisa. Fundo letu la zamani: zungusha mara mbili, pitisha chini, vuta. Likizo moja mdogo wangu alikuja kunisaidia, nikamfundisha, akalifunga vizuri kuliko mimi.

Sindano zimeingia. Sukari inashuka, tone kwa tone.

Juni 17

Nitaandika yote.

Nimekwenda ofisini kusaini glavu. Mdogo wangu alikuwa anachapa. Nikamwomba mhuri. Akavuta droo, ya pili kutoka juu, na mle ndani, chini ya mhuri, nikaliona. Gamba la kijani. Doa la mafuta ya jikoni kwangu pembeni. Hata mpira wa kulifungia ni uleule.

Akaliona jicho langu. Akaifunga droo, akazungusha ufunguo, akaurudisha shingoni kwenye kamba.

"Dada..."

"Nipe mhuri."

"Dada, nikwambie kitu."

"Mhuri!"

Akanipa. Nikagonga, nikasaini, nikatoka.

Kumbe ni yeye. Muda wote huu nimemchukia Shemeji, nikisema mgeni ni mgeni, mwanamume aliyeingia kwetu na njaa yake. Kumbe aliyefungua kabati langu ni yule anayejua vikombe vyangu vinakaa wapi. Alikula chakula changu, akafuta mdomo, akachukua misimu yangu mitatu, akaitia mkobani. Halafu ananiletea chai! Halafu ananiuliza nimeona vizuri!

Sasa nimeona vizuri.

Shemeji atapata cha kwake. Lakini nilikuwa nimejiambia kwamba siku ile mdogo wangu nitamkinga, kwamba nitasema mume ndiye mwizi na mke hajui. Nimelifuta hilo. Alikuja duniani nikiwa na miaka tisa, nikamshika kabla baba hajamshika. Atajua mimi ni nani.

Nimerudi ua wa waya, nikafunga nyuzi nyekundu kumi na nne. Mikono ilikuwa imetulia kabisa.

Juni 18

Upepo wa moto. Nyuzi nyekundu sita.

Juni 19

Nimeiba nusu saa ya mchana nikapima. Hindi moja la Shemeji, moja langu. Nimekata vitako vya punje changa, nikavisaga juu ya barafu, maana kikipata joto kimeng'enya kinaharibika mkononi. Nikachuja, nikatia sukari ya kawaida, nikasubiri, kisha dawa ya buluu, kisha maji ya moto. Sukari iliyoshikana haiwezi kuibadili ile dawa. Iliyopasuliwa huigeuza.

Yangu imegeuka rangi ya tofali. Yake imebaki buluu, buluu ya kupendeza, kama shati la sare.

Nimeishika ile tyubu ya buluu dirishani muda mrefu. Siku ya tatu leo tangu ndevu. Nikimwambia sasa hivi, dripu zikirudi leo, mengine yangepona. Mahindi hayajanikosea lolote, na wakulima watakaokuja hawajanikosea lolote.

Nimeimwaga.

Juni 22

Nyuzi za njano arobaini. Kwa Shemeji, kama ningekuwa na ruhusa, ningefunga nyeusi tupu.

Juni 26

Maji yamefunguliwa. Mzee Mpira amenyunyiza mpaka njiani, kwa furaha.

Julai 3

Balaa ni kwamba shamba limependeza. Majani yamekunjuka, mabua yamenyooka, na kila hindi limevaa maganda yake kama lina kitu ndani. Kwa nje huwezi kujua. Shemeji anapigwa picha akiwa amelikumbatia bua. Sukari imejaa kwenye mabua yale, nimeyapima, ni tamu kuliko kawaida. Imekosa pa kwenda.

Julai 14

Mdogo wangu amenisimamisha kwenye korido, mikono miwili kifuani. Amekonda.

"Dada, dakika moja tu."

Nikapita kama napita ukuta. Nyuma yangu akasema, "Huulizi? Hata kuuliza huulizi?"

Nitauliza Agosti 9, mbele za watu.

Julai 15

Mvua ndogo. Panya wameanza kuyatafuna mahindi ya kingo. Nimezungushia waya.

Julai 29

Shemeji ameanza kuniita "msaidizi wangu".

Agosti 8

Nimepiga pasi gauni la buluu. Mzee Mpira ameniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia sijawahi kuwa na uhakika hivi.

"Kwa bwana yule, sawa," akasema. "Lakini huyu mtoto wa kwenu..."

"Mzee, shika mpira wako."

Akarudi kwenye mabomba yake. Nimejuta kidogo, si sana.

Agosti 9

Tangu mwanzo.

Turubai, viti, vipaza sauti vinavyopiga mluzi. Wakulima kama mia. Wakubwa wa wizarani mstari wa mbele. Mdogo wangu anapita na trei ya soda. Shemeji akashika kipaza sauti, akasema njaa ya punje sasa imepata kiboko yake. Akavunja hindi la kwanza, akamkabidhi mkubwa mmoja alimenye.

Maganda yakatoka. Gunzi! Punje tano chini, moja juu, katikati uwazi, kama mdomo wa mtoto anayebadilisha meno. Watu wakacheka kwa adabu. Shemeji naye akacheka. "Hutokea," akasema, akavunja jingine. Gunzi. Jingine. Gunzi. Wakulima wakaanza kujimenyea wenyewe, huku na huku, na kila mahali nikasikia maganda yanachanika na kutupwa chini. Mkulima mmoja mwanamke akapaza sauti: "Mwanangu, haya ndiyo unataka tukapande?"

Mkurugenzi alikuwa amebadilika rangi. Nikasimama.

"Mkurugenzi, wageni wangetazama na mistari ya kingo."

"Ya kingo? Ya nini?"

"Watazame tu."

Walikwenda kwa sababu walitaka kuondoka pale. Yule mkulima ndiye aliyevunja. Alipolimenya akalibusu. Limejaa! Mstari kwa mstari, mpaka karibu na ncha. Wakavunja kumi, ishirini. Si yote mazuri, sitadanganya, manane yalikuwa na mapengo. Lakini mengine yalikuwa chakula.

Nilijua atakachofanya Shemeji, namjua kama kiganja changu. Akaja mbio, jasho linamtoka, akasema: "Hiyo pia ni sehemu ya jaribio langu. Niliitenga makusudi, kwa ajili ya kulinganisha."

"Vizuri, Mkuu," nikasema. "Basi waeleze wageni. Huu uzi mwekundu shinani mwa hindi maana yake nini?"

Akautazama. "Ni... alama ya mbolea."

Mzee Mpira alicheka mpaka akashika magoti.

"Na huu wa njano?" akauliza yule mkulima, ananiuliza mimi, si yeye. Nikawaeleza. Sifuri inaanzia wapi, sukari inatolewa lini, mlango wa punje unafungwa lini, na kwa nini vitalu vyote vile vilinyonyeshwa vikiwa vimeshiba vikaachishwa vilipoona njaa. Nilisema bila karatasi. Wakufunzi walikuwa wanaandika.

Mkurugenzi akanisogelea. "Mama, una ushahidi kwamba ni kazi yako?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu Mei.

"Upo. Ofisini kwa karani, droo ya pili kutoka juu. Ufunguo anao shingoni. Daftari la kijani, mwandiko wangu. Muulizeni yeye aliyeliiba jikoni kwangu akiwa amekuja kula, tumbo moja na mimi."

Watu mia wakamgeukia. Alikuwa amesimama na trei. Akaitua chini taratibu, hata chupa moja haikuanguka. Akavua ile kamba shingoni, akampa Mkurugenzi. Akanitazama.

"Mimi nililetewa tu," Shemeji akasema haraka. "Mke wangu ndiye aliyelileta. Sikujua ni la nani."

Hivyo ndivyo alivyomtupa, mbele ya watu, kama ganda. Nami nikaona sawa, wamalizane wenyewe sasa.

Daftari likaletwa. Mwandiko ni wangu, hata kipofu angejua. Ukurasa wa kwanza haupo, umechanwa kwa makini karibu na uzi wa kushonea. Nikasema moyoni, Shemeji kauchana kwa sababu ya jina langu, mshenzi.

Kabla wageni hawajanywa chai, Shemeji alikuwa amevuliwa ukuu, na karani amefukuzwa kazi.

Nimekula sahani mbili.

Agosti 10

Nimelala kama mtoto.

Agosti 13

Barua: mimi ni Kaimu Mkuu wa Utafiti wa Mahindi. Kitabu cha mafunzo kitakuwa na jina langu. Nimeisoma kwa sauti kwa Mzee Mpira. Akasema hongera, akaendelea kukunja mabomba.

Agosti 16

Shemeji ameondoka mjini, peke yake. Nyumba ya kazini imerudishwa. Mdogo wangu, wanasema, kapanga chumba kwa fundi cherehani, mtaa wa nyuma.

Agosti 20

Mzee Mpira ameniletea bahasha. "Nilipewa tarehe kumi," akasema. "Nilikataa kuileta. Ulikuwa unafurahi sana."

Ndani kuna ukurasa wa kwanza.

Jina langu kwa herufi kubwa. Nyekundu, sifuri. Njano, sukari. Nyeusi, achana nalo. Nyuma yake kwa penseli, mwandiko wa mdogo wangu:

"Dada. Alisema nisipompa daftari atanirudisha kwa watu wangu, na mtu wangu ni wewe tu, ningekuja nikwambie nini? Nilimpa. Lakini nilichana huu kwanza. Bila huu hawezi kuhesabu. Akaniambia sifuri ni siku ya kufunga maji, nikachapa hivyohivyo, nikaja kukuuliza kama umeona vizuri. Ulisema umeona. Nikajua umeelewa. Daftari nililiweka kazini ili asilichome. Nilidhani utaniuliza kwanza."

Nimesoma nikiwa nimesimama. Kisha nimekaa sakafuni, hapo hapo maabara, nikiwa nimevaa gauni langu jipya la ukuu.

Mimi nilijisifu kwamba Shemeji hajui kusoma. Nilimcheka msimu mzima. Kosa lake lilitiwa na mdogo wangu, kwa mkono wake, kabla mimi sijaamka. Kisasi nilichokuwa nakilea kama yai kilikuwa chake. Alininong'oneza mara tatu, na mara tatu nikampa mgongo. Kisha nikamvua nguo mbele ya watu mia, na trei mkononi.

Agosti 21

Saa sita mchana nimekwenda kwa fundi cherehani. Chumba cha mwisho, mlango wa kijivu. Viatu vyake viko nje.

"Hodi."

Nikagonga tena.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Dada yako."

Cherehani ilisimama chumba cha pili, watu wanasikiliza. Nikaongea kwenye ubao wa mlango. Nikamwambia nimesoma. Nikamwambia nimekwenda kwa Mkurugenzi asubuhi, nimemweleza, kasema ataangalia. Nikamwambia nimekosa, nimekosa vibaya, anifungulie anitukane uso kwa uso. Sijawahi kumwomba mtu hivyo, hata baba.

"Umekuja siku ya ngapi, Dada?" akauliza ndani. Sauti haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Nikahesabu kutoka siku ya wageni. "Ya kumi na mbili."

Nilikaa kizingitini mpaka jua likanifikia miguuni. Mfukoni nilikuwa na kibunda changu cha nyuzi, kama siku zote. Nikakata kipande chekundu, nikakifunga kwenye kitasa. Ataelewa. Nataka tuanze kuhesabu leo.

Agosti 22

Nimepita kabla ya kazi. Viatu havipo, mlango umefungwa kwa kufuli. Uzi wangu bado upo kwenye kitasa, hakuukata. Kando yake kuna mwingine, mweusi. Umezungushwa mara mbili, umepitishwa chini, umevutwa.